Ngumi Niliyomkabidhi Govert

Govert nilimpa ngumi yangu kwa maandishi, nikatia na sahihi, kwa hiyo asije mtu hapa akaniambia hakuelewa. Nakala ninayo. Iko kwenye droo ya jikoni, chini ya vifungo na mishumaa ya akiba, na siku nikitaka kujiumiza roho naitoa naisoma.

Ngoja niwaeleze hiyo ngumi ni kitu gani, maana nje ya Ghorofani hakuna anayeijua. Ghorofani ni kundi letu hapa Amsterdam, wanawake wanaopenda wanawake, wanaume wanaopenda wanaume, na wengine wote ambao kwao walifungiwa mlango. Tulilianzisha mwaka themanini na nne juu ya karakana ya baiskeli, na jina likatokana na zile ngazi. Sisi hatupigi kura. Saar wangu alikuwa akisema kura ni njia ya wengi kuwakalia wachache kichwani, na wachache ni nani kama si sisi? Basi Ghorofani ukikubali jambo unapunga viganja hewani. Ukiwa huna upande unalaza kiganja mezani. Ukikataa kabisa unanyanyua ngumi, na ngumi moja inatosha. Wawe arobaini wanapunga mpaka mabega yanawauma, ngumi moja ikipanda jambo limekufa, tuletewe ajenda nyingine. Na usipoweza kufika kikaoni, unamkabidhi mwenzako ngumi yako kwa barua, naye ainyanyue kwa niaba yako.

Sheria hiyo aliitunga Saar mwenyewe. Saar alikuwa mke wangu, dereva wa tramu, mwanamke mwenye mdomo usio na breki. Alifariki miaka tisa iliyopita, wiki sita tu tangu daktari alitamke lile neno la saratani.

Kila anayekufa kwetu hukatiwa kipande cha nguo yake mwenyewe, kikatariziwa jina, kikashonwa kwenye bango letu la kitambaa. Mshonaji ni mimi. Nimefanya kazi miaka thelathini na moja kwenye chumba cha mavazi cha jumba la opera, kwa hiyo sindano si kitu cha kunifundisha. Vipande sasa ni arobaini na vitatu. Bango hukaa dirishani Ghorofani mwaka mzima, mwezi wa tatu nalichukua nyumbani kulitengeneza palipoachia, halafu tarehe nne Mei, siku nchi nzima inapowakumbuka waliokufa vitani, tunalibeba kimya kimya mpaka kwenye mnara wetu wa ukumbusho kando ya mfereji.

Kipande cha Saar nilikikata kwenye koti lake la kazi, lile la buluu ya kiza. Chini ya jina nikamwekea nyota ya ncha sita, kubwa kama sahani ya kikombe, nyeupe, kwa sababu alikuwa Myahudi kama mimi na aliniambia kwa kinywa chake, kitandani hospitali, "Hetty, usinisahaulie nyota yangu." Kitambaa cha ile nyota kilitoka kwenye kitambaa cha meza cha bibi yake. Bibi mwenyewe hakurudi kutoka kambi za Wajerumani huko Poland. Majirani walikirudisha kitambaa cha meza baada ya vita, na kochi wakabaki nalo.

Miaka tisa nyota ilikaa pale na hakuna aliyekufa kwa kuiona.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, akaja Jip. Jip ndiye mratibu wetu, ana miaka ishirini na sita, mtoto mzuri, sisemi. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa na alileta biskuti za shayiri zisizo na maziwa wala sukari wala raha yoyote. Akakaa jikoni, akautazama ule mlima wa kitambaa juu ya cherehani yangu.

"Hetty mpendwa," akaanza.

Mtu akianza na mpendwa, ujue kuna kitu amekuja kukunyang'anya.

"Kuna watu wameleta hoja kwamba ile nyota inawaumiza."

"Watu gani?"

"Watu."

"Wana majina?"

"Hatutaji majina. Huo ndio usalama wenyewe."

"Inawaumiza vipi? Ina ncha, naona. Imemchoma mtu?"

Jip hakucheka. Hawa vijana wetu kicheko wanakiombea kibali. "Unajua kinachoendelea kule, Hetty. Watoto wanakufa kila siku. Na nyota ile iko kwenye bendera yao."

"Najua kinachoendelea. Nalia mbele ya televisheni kama wenzangu. Saar alisimama uwanjani na mvua inamnyea kuilaani serikali ile kabla wewe hujaota meno. Lakini nyota hii haikutoka kwenye bendera, Jip. Imetoka kwenye kitambaa cha meza cha bibi yake."

"Nakusikia," akasema. "Nakusikia kabisa."

Ukiambiwa hivyo Ghorofani siku hizi, jua maongezi yamekwisha. Lakini mimi nilikuwa bado. Nikalivuta bango, nikamwonyesha kipande cha Corrie, aliyewahi kuwa mtawa, masikini, kipande cheusi chenye msalaba mweupe unaoonekana toka ng'ambo ya barabara.

"Na huu?"

"Huo ni wa kiroho."

"Aa. Na wangu mimi?" Nikautoa mkufu wangu nje ya blauzi, nyota ndogo ya fedha. "Mei nikija na huu shingoni?"

"Wewe unakaribishwa sana! Wewe ni wetu. Tunaongelea ishara tu." Akasita, akaokota chembe ya biskuti mezani. "Labda tu ungeandika maneno machache ukaeleza msimamo wako. Watu wangetulia."

"Corrie aliwahi kuandika maneno machache kuhusu Papa?"

Akanyanyuka akavaa viatu vyake. Mlangoni akanikumbatia, kumbatio refu, lenye kupapasapapasa mgongo, na akasema jambo litaamuliwa kikaoni, Jumatatu ya tarehe ishirini na mbili Aprili, kwa upendo.

Nikaenda kuitazama kalenda. Ghorofani tuna kalenda ukutani ambayo wanaionea fahari kweli kweli. Ramadhani imo. Diwali imo. Mwaka mpya wa Kichina umo, hata mfungo wa Waethiopia umo, kwa ajili ya mwenzetu mmoja ambaye hafungi. Na Jumatatu ya tarehe ishirini na mbili, kwa rangi ya kijani: "Kikao cha kusikilizana." Ndiyo ilikuwa jioni ya kwanza ya Pasaka yetu. Ile jioni Wayahudi wote duniani, hata wasiosali kama mimi, wanakaa mezani kwa mama zao.

Nikampigia Jip. "Lo, Hetty! Hatukujua kabisa! Pole sana!" Kisha akashusha sauti. "Ila watu wameshajipanga."

Mama yangu ana miaka tisini na miwili. Anakaa Amstelveen, na kila Pasaka huenda ikawa ya mwisho. Nilipiga mahesabu usiku kucha: nikimwacha Mama mezani nikakimbilia kikaoni kumtetea Saar, Saar mwenyewe angenifukuza. Asubuhi nikasema, kwani ngumi si hukabidhiwa? Na wa kumkabidhi hakuhitaji kutafutwa.

Govert ni rafiki yangu wa miaka arobaini. Mwalimu wa jiografia, mstaafu, mrefu, mwoga wa mbwa, anapika supu ya njegere mbaya kuliko zote katika ufalme huu. Mpenzi wake alikuwa Rinus, alikufa mwaka tisini na moja, kwa ule ugonjwa. Wauguzi walikuwa wanaacha sahani mlangoni wanakimbia. Tuliomwosha Rinus ni sisi wawili, mimi na Saar, Saar upande wa kichwa na mimi miguuni, huku Govert amekaa sakafuni kwenye korido hajiwezi. Rinus nilimshonea kipande cha mkono wa shati lake la miraba. Mwezi haukuisha ikaja barua ya wakili. Wazazi wa Rinus, watu wa kanisa kali huko mashambani, hawataki jina la ukoo wao litembezwe barabarani pamoja na mashoga, litolewe ama twende mahakamani.

Kikao kile nilikuwepo. Watu walikuwa wamechoka, tulikuwa tunazika mtu kila wiki, nani alikuwa na nguvu ya mahakama? Wakasema tulitoe jina tu, Rinus tutamkumbuka moyoni. Viganja vikaanza kupunga. Govert hata mkono hakuweza kuinua, alikuwa analia tu. Saar ndiye aliyenyanyua ngumi, peke yake. Wakambembeleza, wakamkaripia, mmoja akamwita jeuri wa Kiyahudi na hakuna aliyemkanya, nakumbuka hilo pia.  Saar alikaa na ngumi juu mpaka kahawa ikapoa. Wazazi hawakwenda mahakamani, na Rinus yuko kwenye bango mpaka leo, mstari wa pili, kipande kimoja tu kinamtenga na Saar.

Sasa niambieni, ngumi yangu ningempa nani mwingine?

Nilimpelekea barua mwenyewe. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaiweka mfuko wa shati, upande wa moyo.

"Nyota ya Saar?" akasema. "Thubutu yao! Nitanyanyua zote mbili, dada, yako na yangu. Kwani mikono si ninayo miwili?"

Nikacheka. Nikala hata ile supu.

Jumatatu ile nilikuwa kwa Mama. Tukawasha mishumaa, tukasoma habari za kutoka Misri, tukala mboga chungu. Mama kumbukumbu zake zinakuja zinaondoka. Akatazama kile kiti kitupu akauliza, "Saar bado anaegesha tramu?" Nikasema ndiyo, Mama, anakuja. Kisha akaanza kusimulia, kama kila mwaka, jinsi mama yake alivyomshonea nyota ya njano kwenye koti akiwa na miaka kumi, amri ya Wajerumani kwa kila Myahudi wakati wa vita; alivyoishona kwa mishono midogo midogo, ya kuficha, kana kwamba ni nguo ya harusi, ili isimwaibishe mtoto kwa kuning'inia. Na mimi ya Saar niliishona hivyo hivyo, nilijifunza kwa Mama, naye kwa mama yake.

Saa mbili usiku nikatazama saa ya ukutani. Nikasema moyoni, sasa hivi Govert ananyanyua mikono yake mirefu ile kama mnara wa taa. Nikanywa bilauri ya pili ya mvinyo kwa raha zangu.

Asubuhi ujumbe wa Jip ulikuwa kwenye simu. "Hetty mpendwa! Kikao kilijaa upendo. Tumekubaliana bila ngumi hata moja. Kwa kuwa wewe ndiye fundi wetu, tunakuomba uitoe nyota kwa heshima anayostahili Saar. Govert atapita kulichukua bango Jumamosi."

Nilisoma bila ngumi hata moja, nikarudia, nikafikiri labda yamempata mazito, labda gari limemgonga. Nikampigia. Haikupokelewa. Nikampigia siku tatu. Siku ya tatu nilisikia imepokelewa, nikasikia mtu anapumua, ikakatwa. Hapo ndipo nilipojua hakuna gari.

Jumamosi akaja. Nilimwona dirishani anaifunga baiskeli yake kwenye uzio wa chuma, akaifunga, akaifungua, akaifunga tena. Alipopanda ngazi nilikuwa nimeshafungua mlango.

"Ingia. Mkate hakuna, kuna matse na siagi."

"Najua," akasema. "Ni Pasaka."

"Kumbe unajua. Na Jumatatu ulijua?"

Akakaa. Nilimpakia siagi kwenye matse, ule mkate wetu mkavu wa Pasaka, nikamnyunyizia na sukari kama anavyopenda, maana mimi sina adabu mbaya ya kumwacha mtu na njaa hata nikitaka kumnyonga. Hakuugusa.

"Walikuwa thelathini na nne, Hetty. Wote wanapunga. Jip akauliza, kuna ngumi? Wakanigeukia wote, maana walijua barua ninayo mimi."

"Ukafanyaje?"

"Mkono ulikuwa chini ya meza."

"Umefanyaje chini ya meza?"

"Umekunjwa. Nakuapia ulikuwa umekunjwa. Ila haukupanda."

"Huo ni wangu. Na wa kwako?"

Akatazama sahani. "Niliulaza mezani."

Nilitaka kumpiga na sufuria, Mungu anisamehe. Badala yake nikauliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua ninayo, "Kwa nini, Govert?"

Na yeye, macho makavu kabisa, akanieleza. Kwamba Jip alisema kama nyota haitoki, wataagiza bango jipya, la kuchapishwa, la plastiki, majina yote arobaini na matatu kwa herufi za mashine, na hili la zamani liende stoo. Kwamba yeye nguo ya Rinus iliyobaki duniani ni ule mkono wa shati la miraba. Kila mwaka analibeba bango upande ule ili awe karibu nalo. Kwamba vijana walianza kumtazama vibaya tangu aliposema ana barua yangu, mmoja akahama kiti.

"Nina miaka sabini na moja," akasema. "Jumatatu nakwenda Ghorofani. Alhamisi nakwenda Ghorofani. Wakinitoa pale nitakwenda wapi, Hetty? Kwa nani?"

"Kwangu," nikasema.

Hakujibu. Hilo ndilo lililonikata maini, kuliko ngumi, kuliko kila kitu. Nilikuwa sitoshi.

Akanywa maji. "Wewe una mkono mzuri," akasema. "Ukiifumua taratibu haitaacha alama. Ukaihifadhi kwenye fremu, hapa nyumbani, pazuri. Saar angeelewa."

"Saar angeelewa?"

"Alikuwa mtu wa amani."

"Saar! Mtu wa amani! Yule aliyekaa na ngumi juu kwa ajili ya shati la Rinus mpaka kahawa ikapoa, ndiye mtu wa amani?"

"Usimtaje Rinus."

"Nani amekuja hapa anamtaja?"

Nikanyanyuka. Nikalibeba bango toka kwenye cherehani, nikalitandaza mezani juu ya sahani na makombo, nikamsogezea kipande cha Saar mbele yake. Nikafungua kopo langu la vifaa, nikatoa kile kisu kidogo cha kufumulia nyuzi, nikakiweka kando ya mkono wake wa kulia.

"Mimi nilishona," nikasema. "Sifumui. Wanaotaka itoke wako thelathini na nne na hakuna hata mmoja anayejua kushika sindano, ndiyo maana wametuma kwangu. Basi sitoi mimi. Utoe wewe."

"Hetty, mikono yangu inatetemeka."

"Hiyo miwili uliyonayo?"

Akakitazama kile kisu. Akajipapasa kifuani, mifukoni. "Sijaja na miwani," akasema, na nikaona uso wake umepata nafuu, kana kwamba ameokolewa.

Na mimi, sijui shetani gani alinisukuma, nikafungua droo ya kabati nikatoa miwani ya Saar. Miwani ya kusomea yenye kamba nyekundu, aliyokuwa akiivaa kusomea gazeti wakati wa mapumziko kwenye tramu. Miaka tisa ilikuwa humo ndani na alama za vidole vyake. Nikampa. Nilijua hataivaa, nilikuwa na hakika kama ninavyojua jina langu. Nikasema moyoni, akiishika tu ataitupa mezani, atalia, nitamsamehe, tutakwenda wote wawili kwa Jip tumwambie aende zake na plastiki yake.

Akaivaa.

Akaipandisha puani, akainama, akautafuta mshono wa kwanza. Ulimpa tabu, maana mishono ya kuficha haionekani, inabidi kuinua ukingo kwa ukucha. Akaupata. Nikausikia unakatika. Tarrr, sauti ndogo. Kisha wa pili. Nilikaa mbele yake nimeweka mikono mapajani, na kila ncha alipoimaliza nilisema, hapa ataacha. Ncha ya kwanza. Ya pili. Ya tatu alijichoma kidole, akakinyonya asije akachafua kitambaa, akaendelea. Alikuwa makini, sitamsingizia. Alifumua vizuri kuliko wasichana wengi niliowafundisha. Ilimchukua nusu saa na dakika kumi, na chini yetu tramu zilipita mara nne.

Nyota ilipotoka aliishika kwa vidole viwili akaiweka juu ya sahani, pembeni ya ile matse ambayo hakuila.

Lakini kumbe bango hukaa dirishani miaka yote hiyo. Buluu ya koti la Saar ilikuwa imepauka pote isipokuwa pale nyota ilipokuwa. Pale palibaki buluu ileile ya kiza ya siku nilipolikata koti. Nyota nzima, ncha sita, inaonekana kuliko hata ile nyeupe.

Govert akaitazama. Akavuta pumzi ndefu. Nikafikiri, sasa.

"Una kipande cha nguo cha kuzibia hapa?" akauliza.

Sikuamini masikio yangu. Nyumba yangu imejaa vitambaa toka sakafuni mpaka dari, na yeye ameshaanza kuangaza rafu.

"Zibia na barua yangu," nikamwambia. "Si unayo mfukoni?"

Akawa mwekundu mpaka masikio. Akalikunja bango taratibu, kwa mikunjo tuliyomfundisha mimi na Saar, akalitia kwenye mfuko wake wa baiskeli. Mlangoni akageuka, miwani imepanda juu ya paji la uso, kamba nyekundu inamning'inia shingoni, akasema, "Tarehe nne utakuja lakini?" Kama mtu anayenialika chai. Nikafunga mlango.

Nilikwenda. Sikwenda nao, nilisimama ng'ambo, kwenye kona ya daraja ambapo lazima wapite. Ilikuwa jioni nzuri ya mwanga, watu wamejaa kando ya mfereji na wote kimya, maana siku ile hata watoto huambiwa wanyamaze. Mkufu wangu niliuvaa nje ya koti.

Wakatokea. Mbele Jip, amevaa nyeusi, ameshika shada la maua. Nyuma yake bango letu, watu wanane wamelishika, na upande wa kushoto, karibu na mkono wa shati la miraba, Govert. Palipokuwa na nyota walikuwa wamebandika pembetatu ya waridi, ile alama ambayo Wajerumani waliwashonea wanaume wetu kambini. Wamebandika kwa gundi, tena upande, na ncha mbili za buluu zimechungulia nje.

Walipofika usawa wangu nikanyanyua ngumi.

 Niliinyoosha juu kadiri bega langu bovu lilivyokubali. Hakuna mtu pale kwenye daraja aliyejua maana yake, walidhani bibi kizee ana mambo yake. Lakini wao walijua, wote. Ngumi moja inatosha. Niliona Jip ameiona, akashusha macho kwenye maua. Niliona mmoja baada ya mwingine anaiona. Govert akaiona mwisho, akasimama. Alisimama kweli, bango likakunjamana, wa nyuma wakamgonga visigino. Nikaishikilia juu. Nikasema kimoyomoyo, Govert, si lazima kunyanyua ya kwako, simama hapo hapo tu.

Mtu wa nyuma akamgusa begani. Akatembea.

Niliishikilia ngumi mpaka mwisho wa msafara ulipopinda kona, mpaka vidole vikafa ganzi, kisha nikapanda tramu nikarudi nyumbani. Nyota iko hapa mezani, sijaiweka kwenye fremu. Na miwani ya Saar hajarudisha. Siku ile pale darajani alikuwa ameivaa.